Je, Wajua? Dirisha Jipya Kasese na Bwera: Pesa Huishia Wapi

Ukisema unabadilisha madirisha, swali la kwanza utakaloulizwa ni: "Chuma au alumini?" Swali halina ubaya, ila limeruka foleni. Lililostahili kutangulia ni hili: kilichoharibika ni kioo, fremu au ukuta? Gharama za vitu hivyo vitatu hazikaribiani, na wengi hulipia vyote wakati kimoja tu ndicho kibovu. Twende mbio.

KIPIMO KABLA YA PESA

Je, wajua kwamba fundi hupima kwa futi, lakini muuza alumini hutaja bei kwa mita ya mraba? Hapo ndipo wengi hupotelea. Dirisha la futi 4 kwa 4 lina mita za mraba 1.49. La 5 kwa 4 lina 1.86. Lile dogo la choo, 2 kwa 2, lina 0.37 tu. Hifadhi tarakimu hizo kwenye simu kabla hujaingia dukani.

Je, wajua kwamba futi moja ya ziada si futi moja? Ukitoka 4 kwa 4 ukaenda 5 kwa 5, eneo linapanda kutoka futi za mraba 16 hadi 25. Umeongeza zaidi ya nusu ya dirisha, na bei itakufuata.

Mfano wa hesabu: nyumba yenye madirisha sita ya 4 kwa 4 na mawili ya 2 kwa 2 ina jumla ya mita za mraba 9.66. Tuseme fundi anataka shilingi 250,000 kwa kila mita ya mraba: unalipa 2,415,000. Akija mwingine na 300,000, jumla inafika 2,898,000. Tofauti iliyoonekana ndogo mdomoni ni shilingi 483,000 mfukoni. Ondoa bei zetu za mfano, weka ulizotajiwa wewe; njia ya kuhesabu ni ileile.

Je, wajua kwamba bei iliyotajwa inaweza kuwa haijamaliza? Kodi ya ongezeko la thamani Uganda ni asilimia 18. Kwa zile 2,415,000 za mfano, kodi ni 434,700. Lakini si kila karakana hutoza: lazima ya kujisajili huanza mauzo yanapozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka. Aliyesajiliwa anapaswa kukupa risiti ya EFRIS, mfumo ulioanza kutumika Januari 2021. Anayekutoza kodi bila kukupa risiti hiyo, muulize pesa inakwenda wapi.

Maswali sita ya kuuliza kabla ya kulipa malipo ya awali: Je, kioo kimo? Grili imo? Wavu wa mbu umo? Usafiri? Kufunga? Kuziba ukuta na kupaka rangi baada ya kufunga? Bei nafuu kuliko zote sokoni mara nyingi ni ile iliyojibu "hapana" mara nyingi zaidi.

Je, wajua kwamba tundu la dirisha huwa na upana zaidi ya mmoja? Pima juu, katikati na chini, kisha chukua ulio mdogo kuliko yote. Halafu vuta futikamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, tundu limenyooka. Visipolingana, fremu mpya itaingia kwa nyundo, na kioo kitalipia nyundo hiyo baadaye.

Chumba chako kinahitaji dirisha kubwa kiasi gani? Kanuni ya kawaida ya wajenzi ni sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina mita za mraba 10.8, kwa hiyo dirisha moja la futi 4 kwa 4 linatosha na kubaki. Kuna watu wanaolipia ukuta mzima wa kioo, kisha wanalipia pazia la kuufunika.

KIOO

Je, wajua kwamba kioo cha dirisha huzaliwa kikielea? Kioo kilichoyeyuka humwagwa juu ya metali ya bati iliyoyeyuka, ile iliyowahi kuchimbwa Mwirasandu, kusini-magharibi mwa Uganda. Kinajitandaza chenyewe na kutoka kikiwa laini pande zote mbili. Njia hiyo ilitangazwa na kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, mwaka 1959. Kabla ya hapo, kioo kisichopindisha sura ya mtu kilihitaji kusagwa na kung'arishwa kwa gharama kubwa.

Uzito wa kioo unaweza kuukokotoa bila mizani: kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10, cha milimita 6 ni kilo 15. Kwa hiyo ukinunua kizito zaidi, kagua bawaba na magurudumu pia. Kioo kinene juu ya bawaba nyepesi ni dirisha litakaloinama kabla ya mwaka kuisha.

Je, wajua kwamba kile kifaa ambacho mafundi hukiita almasi hakikati kioo? Kinakwaruza mstari tu. Kinachokitenganisha kioo ni mkono wa fundi unaokiinamisha pale palipokwaruzwa. Ndiyo maana fundi mzuri hupitisha kifaa mara moja. Anayerudia mstari uleule anakaribisha ufa wa kwenda upande.

Kioo kilichoimarishwa kwa moto hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 600, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali. Kinakuwa na nguvu mara nne au zaidi ya kile cha kawaida, na kikivunjika hutawanyika punje ndogo badala ya visu. Ila angalia: hakikatwi tena baada ya hapo. Ukikosea kipimo, unanunua kingine.

Je, wajua kwamba madai kuwa kioo cha zamani "hutiririka" polepole kwenda chini si kweli? Vioo vya kale vilivyo vinene upande mmoja vilitengenezwa hivyo. Viwanda vya enzi hizo havikuweza kutoa unene ulio sawa. Dirisha la nyumba ya babu likikwama, tafuta sababu kwenye fremu.

Kioo chenye rangi, cha bluu au kahawia, hupunguza mwanga kwa kuumeza. Jua lililomezwa hugeuka joto, kioo kinakuwa cha moto, na sehemu ya joto hilo inaingia ndani hata hivyo. Tena kikipigwa jua nusu na nusu nyingine ikawa kivulini, kinaweza kupasuka bila kuguswa na mtu.

CHUMA, ALUMINI, MBAO

Je, wajua kwamba geji ya bomba la chuma huhesabiwa kinyumenyume? Namba ikiwa ndogo, chuma ni kinene. Geji 16 ni takriban milimita 1.6, geji 18 ni 1.2, geji 20 ni 0.9. Ukikubaliana na geji 16 ukaletewa 20, umepoteza karibu nusu ya chuma, na kwa macho huoni kitu kwa sababu rangi imeshafunika kila kitu. Omba kuona bomba kabla halijachomelewa.

Dirisha la chuma halianzi kuoza katikati. Huanzia kwenye maungio, pale mashine ya kuchomelea ilipopita na mashine ya kusaga ikafuata. Kama rangi ya msingi ya kuzuia kutu haikupakwa hapo siku hiyohiyo, rangi nzuri ya juu inafunika ugonjwa tu.

Je, wajua kwamba wilaya ya Kasese ina ushahidi wa wazi wa jinsi chumvi inavyokula chuma? Kiwanda cha chumvi cha Ziwa Katwe, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kilikwama miaka ya 1980 baada ya maji ya ziwa kula mabomba yake. Wachimbaji walirudi kwenye mabwawa ya mikono, nako wapo hadi leo. Aliye na nyumba Katwe na anayetaka madirisha ya chuma aongeze fungu la rangi kwenye bajeti, au achague alumini.

Alumini nayo haishiki kutu kwa sababu imeshaanza kuoza na ikajizuia. Inapokutana na hewa hujifunika utando mwembamba sana, na utando huo unazuia uharibifu usiendelee. Lakini saruji mbichi huuvunja. Fremu iliyofungwa kabla ya plasta kukauka hubaki na mabaka meupe ambayo hayafutiki kwa sabuni wala kwa malalamiko. Plasta kwanza, alumini baadaye.

Je, wajua kwamba alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto? Fremu ya mita 2 ikipanda nyuzi 30, huongezeka zaidi kidogo ya milimita 1. Kwa hiyo nafasi ndogo kati ya fremu na ukuta si uzembe wa fundi. Inatakiwa iwepo, izibwe kwa silikoni inayonyumbulika, isikandikwe saruji ngumu.

Metali hiyo iliwahi kuwa ya kifahari. Mnara wa Washington ulipokamilika Desemba 1884, Wamarekani waliuwekea kilele cha alumini yenye uzito usiofika kilo 3, wakati bei yake ilikaribia ile ya madini ya fedha. Miaka miwili baadaye Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua namna ya kuizalisha kwa umeme. Bei ikaporomoka, na leo ipo hadi kwenye choo cha nyumba ya kupanga.

Je, wajua kwamba kuzalisha kilo moja ya alumini mpya kunameza takriban yuniti 14 za umeme? Kuiyeyusha ya zamani kunahitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Ndiyo sababu fremu kuukuu ya alumini ina mnunuzi. Usimwachie aliyeing'oa aondoke nayo kama takataka. Mwambie aipime, na thamani yake ipunguzwe kwenye bei yako.

Umeme uko pia ndani ya dirisha la chuma: ndio unaolichomelea. Wilaya ya Kasese inazalisha umeme wa maji kutoka mito ya Rwenzori. Kituo cha Bugoye, cha megawati 13, kilianza mwaka 2009. Hata hivyo umeme ukikatika karakana huwasha jenereta, na mafuta yake yanalipwa na mteja. Tangu Aprili 1, 2025, usambazaji umo mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika.

Mbao je? Kupitia mpaka wa Mpondwe huingia mbao za misitu ya mashariki ya Kongo, nyingi zikielekea Kampala na hata Kenya. Mkazi wa Bwera anaziona zikipita mlangoni. Mbao ngumu iliyokauka vizuri hudumu miaka mingi. Ile mbichi hujipinda, dirisha likagoma kufunga msimu wa mvua na kuacha mwanya msimu wa kiangazi. Ukinunua, ulizia ilikaa kivulini muda gani tangu ipasuliwe.

JUA, JOTO NA MBU

Je, wajua kwamba mji wa Kasese uko takriban kilomita 20 tu kaskazini mwa ikweta, na Bwera karibu zaidi? Hapa jua la adhuhuri huelemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Machi na Septemba hupita utosini. Matokeo yake: madirisha ya kaskazini na kusini hayateswi sana. Yanayoteswa ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri, jua linapoingia chini ya kofia ya paa.

Paa likichomoza takriban nusu mita juu ya dirisha lenye kimo cha mita 1.2, dirisha la ukuta wa kaskazini au wa kusini hukaa karibu lote kivulini saa sita mchana mwaka mzima. Hiyo ni kinga ya bure kwa anayejenga. Anayebadilisha madirisha ya magharibi, kwanza apigie hesabu bati dogo la kivuli au mti nje ya dirisha. Huenda asihitaji kioo cha bei kali.

Je, wajua kwa nini pazia halipoozi chumba? Kwa sababu jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Pazia linazuia mwanga, lakini joto linabaki upande wako. Kivuli cha nje humzuia mgeni huyo kabla hajabisha hodi.

Vioo viwili vilivyoachanishwa kwa hewa, vinavyosifiwa sana Ulaya na Marekani, hupunguza upotevu wa joto kwa takriban nusu ukilinganisha na kioo kimoja. Huko nje kuna baridi ya chini ya sifuri na ndani kuna tanuri. Marekani ilifikia kuwapunguzia wenye nyumba kodi, hadi dola 600 kwa mwaka kwa madirisha, kuanzia 2023 hadi mwisho wa 2025. Kasese hakuna anayewasha tanuri sebuleni. Nyumba ambayo hushinda imefunguliwa haiwezi kurudisha gharama ya vioo viwili.

Lakini wilaya hii haina hali ya hewa moja. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka nyuzi 6 hivi, na Rwenzori inapanda hadi mita 5,109. Anayeishi milimani juu ya Kilembe anatafuta dirisha linaloziba upepo wa usiku. Wa tambarare ya Kasese anatafuta linaloukaribisha. Usiige dirisha la shemeji yako kabla hujauliza anaishi kwenye kimo gani.

Je, wajua kwamba dirisha la slaidi hufunguka nusu tu? Kipande kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Dirisha la bawaba hufunguka karibu lote, na la luva vilevile. Ukibadilisha luva kwa slaidi za ukubwa uleule, umelipa pesa nyingi na umepata hewa kidogo.

Hewa haitegemei ukubwa pekee. Dirisha moja kubwa kwenye ukuta mmoja huzidiwa na mawili ya wastani kwenye kuta zinazotazamana, kwa sababu upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Watafiti waliopima wodi za hospitali mjini Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 kwamba wodi zenye madirisha na milango iliyofunguliwa zilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine vilikadiriwa mara 12. Wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa ndizo zilizoongoza. Kwa kifua kikuu, hiyo ni kinga isiyotumia umeme.

Jikoni kuna hesabu kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kama pesa inatosha dirisha moja tu mwaka huu, la jiko la kuni ndilo la kwanza. Sebule ina subira.

Je, wajua kwamba wavu wa dirishani pekee haummalizi mbu? Mbu wa malaria hupenda kupita uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Jaribio lililofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba nyumba zilizowekewa wavu madirishani na milangoni, na uwazi wa paa ukazibwa, zilipata wastani wa mbu 15 kwa usiku, wakati zisizowekewa kitu zilipata 37. Watoto wenye upungufu wa damu nao walipungua. Kwa hiyo wavu uwekwe pia kwenye yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya kioo.

Watu wa pwani walilitatua jambo la hewa bila kioo. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina madirisha ya mbao yenye mabapa ya kulaza: upepo unapita, jua na macho ya wapita njia vinabaki nje. UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

UKUTA NA ARDHI

Je, wajua kwamba gharama kubwa ya dirisha jipya inaweza kuwa tofali? Ukibadilisha la 4 kwa 4 kwa jingine la kipimo hichohicho, ukuta haubadiliki. Ukitaka la 6 kwa 4, linta ya zamani haitoshi tena: lazima ivunjwe, imwagwe ndefu zaidi, na ilale juu ya ukuta angalau sentimita 15 kila upande. Hapo umeongeza nondo, saruji, mbao za kushikilia na siku za fundi. Saruji angalau haitoki mbali. Kiwanda cha Hima kimo humuhumu wilayani.

Ardhi ya Rwenzori hutetemeka. Tetemeko la Machi 20, 1966 liliua watu zaidi ya 100 kwenye eneo la mpaka wa Uganda na Kongo. Lile la Februari 5, 1994, la ukubwa wa 6.2, lilipiga Kisomoro, karibu na Fort Portal. Nyufa za ukuta hupenda kuanzia pembe za dirisha. Ushauri wa wahandisi ni kuweka dirisha mbali na kona ya nyumba, nusu mita au zaidi, na kutoacha vipande vyembamba vya ukuta kati ya madirisha mawili.

Je, wajua kwamba kupanua tundu ni suala la kisheria pia? Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 iliweka kamati za ujenzi wilayani na mijini. Kabla ya kubomoa ukuta unaobeba paa, pita ofisi ya ujenzi ya manispaa ya Kasese au ya halmashauri ya mji wa Mpondwe-Lhubiriha uulize kibali.

Mto Nyamwamba ulifurika Mei 1, 2013, na ukarudia Mei 2020 pamoja na mito mingine ya wilaya. Maji yakiondoka, tope hubaki ndani ya mabomba ya fremu za chuma. Nje dirisha linang'aa, ndani linaoza. Tundu dogo lililotobolewa upande wa chini wa fremu huruhusu maji kutoka, na kulitoboa ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye drili.

Grili za kuzuia wezi huzuia na wenye nyumba. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya, wa mwaka 2008, unataka madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kwenda nje. Nyumbani si lazima uziache zote: fanya grili ya chumba kimoja iwe na bawaba na kufuli, na kila mtu ajue ufunguo ulipo. Nyongeza ni bawaba mbili na kufuli.

BARABARANI NA MPAKANI

Je, wajua kwamba kioo husafiri kikiwa kimesimama? Kikilazwa, kila shimo la barabara hukipiga katikati, mahali kisipostahimili. Kutoka njia panda ya Kikorongo hadi Mpondwe ni kilomita 38 hivi. Kabla gari halijaondoka Kasese, kubalianeni: kikivunjika njiani, hasara ya nani? Andikeni.

Wanunuzi wa Bwera hawashindani na majirani wa kijijini tu. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, iko Kasindi, na mbele yake Beni na Butembo. Juni 16, 2021, marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua pale Mpondwe mradi wa barabara unaojumuisha kilomita 80 za Kasindi hadi Beni. Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Vifaa vya ujenzi vikipata soko kubwa ng'ambo, bei ya upande huu huweza kuyumba pia.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, na zilizokamilika 25 au 35, ngazi ya 35 ilianza Julai 1, 2022. Dirisha linaloingia likiwa limekamilika kutoka nje ya Jumuiya hubeba mzigo mkubwa kuliko malighafi inayokuja kuungwa hapa.

Kioo chenyewe kimeanza kutengenezwa jirani. Kiwanda cha Sapphire Float Glass kilizinduliwa Mkuranga, mkoa wa Pwani, Tanzania, Septemba 2023. Bidhaa ya Jumuiya inayotimiza masharti ya asili haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi mwanachama. Ukiwa dukani, uliza kioo kimetoka wapi.

Kama bei inakukera, kumbuka Waingereza: kuanzia 1696 hadi 1851 walilipa kodi kwa idadi ya madirisha. Wengi waliziba baadhi kwa matofali, na baadhi ya nyumba hizo zimesimama hadi leo, macho yamefumba.

KABLA YA KUNG'OA

Dirisha la slaidi linalogoma? Ng'oa kipande kinachoteleza, tazama magurudumu chini yake. Yakilika, hununuliwa peke yake. Safisha reli na yale matundu madogo ya kutolea maji. Mchanga ukiyaziba, maji ya mvua huja sebuleni.

Kioo kinacholia upepo ukivuma? Ni puti iliyokauka na kubanduka. Fundi huikwangua, huweka mpya, na fremu inaendelea kuishi. Ila rangi ya zamani isikwanguliwe kavu mbele ya watoto: inaweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe kwanza, kisha zoa maganda yote.

Luva moja imevunjika? Badilisha bapa hilo moja.

Kutu juujuu? Brashi ya waya, rangi ya msingi, rangi ya juu mara mbili. Kutu iliyotoboa? Choma kwa kidole: kikizama, chuma kimekwisha, hapo ndipo neno "badilisha" linapata maana.

Na kama ni lazima kubadilisha yote, usibadilishe yote siku moja. Anza na dirisha moja, la nyuma. Lifunge, lipigwe mvua mbili tatu, lifungue na kulifunga kwa wiki kadhaa. Likikupendeza, mpe fundi yuleyule yaliyobaki, na bei iandikwe kwa mita ya mraba.